Nyasi za Kutazama Tu

Nyasi kavu zina sauti yake. Haifanani na sauti ya majani ya mgomba, ambayo hupigapiga kama mtu anayekung'uta mkeka, wala na ile ya mpunga, ambao hunong'ona tu. Nyasi ndefu zenye mashuke, zikishakauka na upepo wa ziwani ukapita katikati yake, hutoa sauti ya mtu anayekuja polepole akiburuta nguo chini. Juzi niliisikia nyuma ya kanisa, nilipokuwa nimeketi kuwangoja wenzangu tufagie. Mkono wangu wa kulia ukafumba na kufumbuka wenyewe, ukitafuta mundu.

"Bibi, unakamata nzi?" mjukuu wangu akauliza.

Nikamjibu ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza. Ninyi mnaosoma nitawaeleza, kwa sababu mmekaa na hamna haraka.

Mama yangu alitoka Ikombe, kule ambako mlima unaingia ziwani bila kuacha nafasi ya njia, na mtu hufika kwa mtumbwi. Wanawake wa huko hufinyanga vyungu, naye alifinyanga. Alipoolewa na baba yangu na kuletwa huku kwetu upande wa Njisi, kwenye udongo mweusi na migomba, alikuja na vyungu vya kupikia, na chungu kimoja kilichopasuka ukingo. Ndani ya hicho kibovu alikuwa ametia matope na kishina cha nyasi alichokichimbua kwenye miamba juu ya kijiji chao. Kwa Kikisi, lugha ya watu wa Ikombe, nyasi hizo zina jina, nami nimelisahau. Watu walidhani ni dawa ya uzazi. Alipofika alizipanda mbele ya nyumba, kando ya njia ya kuingilia, halafu akaketi kizingitini kuzitazama.

Hapo ndipo kijiji kilipoanza kucheka. Mjue kwamba sisi Wanyakyusa wa zamani tulikuwa watu wa uwanja safi. Mbele ya nyumba palifagiliwa mpaka pang'ae, na nyasi lilikuwa jambo la kung'olewa. Mwanamke anaamka asubuhi, anainama shambani kung'oa nyasi mpaka kiuno kimkatike, halafu anarudi nyumbani kuzimwagilia nyasi nyingine maji? Jirani yetu, Mama Ipyana, alikuwa na mdomo usiopumzika. Alikuwa akipita na kumsalimu kwa sauti kutoka njiani:

"Ugonile, mke wa ng'ombe! Leo umewapa nini watoto wako wa kijani?"

"Maji," Mama alijibu.

"Na ugali je?"

"Ugali wanaogopa. Wamesikia unapikwa kwako."

Wakacheka wote wawili. Mama hakuwa mtu wa kuumia na maneno.

Nyasi zenyewe ziliota kwa vichaka, kila kichaka kimekaa peke yake kama mtu aliyechuchumaa. Majani yalikuwa membamba, yakitoka katikati na kuinama pande zote. Wakati wa kiangazi yalitoa mashuke marefu yenye rangi ya moshi, na jua la asubuhi lilipoyapiga kutoka upande wa milima yakawa meupe kabisa. Ng'ombe hawakuyala, maana kingo zake zilikata ulimi. Zilikata na mikono. Mpaka leo nina mistari myeupe kwenye vidole vyangu.

Kuzitunza kulikuwa na utaratibu, na Mama alinifundisha kwa kunionyesha, kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Usiziwekee samadi, zitanenepa na kuanguka kama mlevi. Zikishaweka mashuke, ziache zikae hivyo kiangazi chote. Mawingu ya kwanza yakianza kukaa juu ya milima na kutoondoka mchana, ndipo unakata. Kwanza unazunguka kichaka na kukifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba ili majani yasitawanyike, kisha unashika mundu na kukata chini, ukibakiza urefu wa kiganja. Ukichelewa mpaka mvua ikakuta majani makavu, yataloa, yataoza, na machipukizi mapya yatakosa hewa. Kichaka kikizeeka hufa katikati, kikabaki na upara kama mzee, huku pembeni kikiwa hai. Hicho unakichimbua chote, unakipasua kwa jembe, sehemu iliyokufa unaitupa, na zile hai za pembeni unazipanda mbalimbali. Hivyo ndivyo kishina kimoja kilivyokuwa safu mbili kutoka njiani mpaka mlangoni.

Nakumbuka siku Mjerumani mmoja alipopita na msafara wake akielekea forodhani. Alisimama kwenye njia yetu, akavua kofia, akazitazama nyasi zile kwa muda mrefu. Akasema jambo, na mkalimani akamgeukia Mama.

"Bwana anauliza, hizi ni za kuezekea?"

"Hapana."

"Za kamba?"

"Hapana. Ni za kutazama tu."

Mkalimani alimwangalia Mama, akamwangalia bwana wake, akaona kwamba jibu hilo litamletea matatizo. Akasema kitu kifupi. Mzungu akatikisa kichwa na msafara ukaondoka. Baadaye tuliambiwa kwamba mkalimani alimwambia ni dawa ya tumbo, na kwa majuma kadhaa watu wenye matumbo yao walikuja mlangoni kwetu. Mama aliwakaribisha, akawapa ndizi, na wengine walipona.

Baba alifariki kwanza. Alichukuliwa kubeba mizigo ya serikali kupanda milima, akarudi amekonda na kifua chake kikilia kama kuni mbichi, na hakuvuka mavuno. Mwaka uliofuata, kiangazi, Mama alipata homa. Nilikuwa nikisoma shule ya misheni. Nilikuwa nimefika mahali pa kusoma mistari mirefu bila kutumia kidole. Nilirudi nyumbani kumuuguza, na kile kibao changu cha kuandikia nilimpa mtoto mwingine, kwa sababu nilijua sitarudi.

Tulibaki wanne. Mimi, Tupokigwe, nilikuwa mkubwa, ingawa bado sijavunja ungo. Aliyenifuata ni Ambakisye, mvulana, kisha Subilaga, msichana mwenye maswali, kisha Lugano, ambaye alikuwa ameanza tu kutembea na bado alimtafuta Mama nyuma ya kila mlango.

Siku ya mazishi sikulia. Nalisema jambo hili kwa kuwa kila mtu alilisema, na mimi ninaweza pia kulisema. Watu walijaa, ngoma zilipigwa, wanawake walijitupa chini, na mimi nilikaa nimempakata Lugano nikitazama mtu mnene aliyekuwa amekalia kichaka cha tatu upande wa kushoto. Nilichowaza ni kwamba atakivunja. Shangazi yangu, dada wa baba, alinisogelea akaninong'oneza:

"Lia, mwanangu. Watu wanakutazama."

"Ndiyo, Shangazi."

"Hata kidogo."

Nilijaribu. Ilikuwa kama kujaribu kupiga chafya. Ndani yangu palikuwa pamefagiliwa, hapana kitu. Nilisikia mtu akisema, "Huyu ana damu ya Kikisi, wale ni watu wa mawe," na sikuumia hata kwa hilo.

Mazishi yalipokwisha, Baba Mdogo, mdogo wake baba, alitueleza jinsi mambo yatakavyokuwa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. Kwa desturi yeye ndiye mrithi wa kaka yake. Alisimama mlangoni, akaongea akitazama juu ya vichwa vyetu. Ambakisye atakwenda kwake kuchunga. Subilaga atakwenda kwa Shangazi. Lugano atapelekwa Ikombe kwa ndugu za Mama. Mimi nitakaa na mke wake mkubwa mpaka nipate mchumba. Nyumba itapewa familia nyingine, maana kiwanja hakiachwi kitupu.

"Watoto hawakai peke yao kama nyani," alisema.

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Tutasubiri matanga yaishe. Siku ya kunyoa, mtahama."

Nilimjibu ndaga, yaani asante, kwa sababu ndivyo mtoto anavyomjibu mkubwa. Subilaga akaniuliza baadaye kama Ikombe ni mbali. Nikamwambia si mbali. Akauliza kama Lugano atatukumbuka. Nikamwambia aokote kuni.

Sasa niwaeleze desturi ya pale kijijini kwetu, kwa kuwa bila hiyo hamtaelewa. Mtu akifa, kitu chenye makali hakitumiki kwenye uwanja wake mpaka matanga yaishe. Nywele za wafiwa hazinyolewi, magugu ya mlangoni hayakatwi. Uwanja unaachwa uchafuke, uonekane nao umefiwa. Siku ya mwisho mrithi anakuja, anawanyoa watoto wa marehemu, kisha anakata magugu mbele ya mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kuanzia hapo nyumba na waliomo ni mali ya mkono uliokata. Jambo hilo kila mtu alilijua. Mimi nilikuwa nimeliona kwenye nyumba za wengine, lakini nilikuwa mtoto, na mtoto huona nywele zikinyolewa na pombe ikinywewa, haoni sheria.

Matanga yalikuwa bado, na mawingu yakaja kukaa juu ya milima. Yalikaa asubuhi, yakakaa mchana, hayakuondoka.

Sikufikiri. Wengine baadaye walisema nilipanga, kwamba mtoto yule ana akili za mtu mzima. Ningependa iwe hivyo. Ukweli ni kwamba mawingu yalikaa, na Mama alisema yakikaa unakata. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachomoa mundu kwenye paa, nikamwita Ambakisye alete kamba za mgomba. Tulianza upande wa njiani. Nilifunga, nikakata, nikafunga, nikakata. Majani makavu yalikuwa na harufu ya vumbi na ya ghala la zamani. Mikono ilitoka damu, nikaipangusa kwenye nguo. Ambakisye alibeba mafungu, Subilaga alikokota yale madogo, Lugano alikaa katikati ya mashuke akiyapuliza na kupiga chafya. Kile kichaka alichokalia yule mtu mnene kilikuwa kimevunjika, tena kilikuwa na upara tayari, basi nikakichimbua na kukipasua kwa jembe.

"Mama akirudi atafurahi?" Subilaga aliuliza.

"Shika kamba," nilimwambia.

Tulipofika mlangoni nikaona Mama Ipyana amesimama njiani, kikapu kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ameacha mdomo wazi bila neno kutoka. Kisha likatoka.

"Mwe bandu! Njooni, jamani! Binti amekata! Amekata uwanja wa mama yake!"

Walikuja. Aliletwa jumbe wa kijiji, mzee mwenye kikohozi na kiti chake cha kukunja alichopewa na Wajerumani, akaja Shangazi, akaja Baba Mdogo akiwa bado ameshika fimbo yake ya kuchungia. Nyuma yao wakasimama wanaume wengine wa kijiji. Uwanja ulikuwa mtupu, vichaka vimebaki kama vichwa vilivyonyolewa vibaya. Mimi nilisimama na mundu mkononi. Hakuna aliyeniambia niuweke chini, basi sikuuweka.

"Nani amekutuma?" jumbe aliuliza.

"Mawingu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akakohoa kuficha.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimekata nyasi."

"Umewakata ndugu zako, umewakata ng'ombe wa baba yako, umekata kila kitu!" Mama Ipyana akadakia. "Mrithi amesimama pale na fimbo yake kama mgeni!"

"Nyamaza, mama," jumbe alisema. "Mkono umeshapita. Tufanye nini?"

Hapo wakaanza kubishana. Mmoja alisema ni mtoto, haihesabiki. Mwingine alisema makali hayaulizi umri. Shangazi alisema, "Basi mnyoeni, mmpe nyumba yake, tukapike," na watu wakamwambia hapana mzaha hapa. Mmoja alisema nipigwe. Mimi nilimtazama Baba Mdogo, kwa sababu nilijua neno litakuwa lake. Alikuwa ameinama, akigusa kisiki cha kichaka kimoja kwa ncha ya fimbo. Aliinuka taratibu.

"Hizi nyasi zimekufa," alisema.

Akawaonyesha visiki kwa fimbo.

"Tazameni. Zimekatwa mpaka chini. Nyingine zimepasuliwa na jembe. Huu ni uwanja uliokufa, na uwanja uliokufa hauna mrithi, si mimi wala huyu. Mimi nasema tungoje mvua. Zisipoota, nawachukua watoto siku hiyohiyo, na asiniambie mtu neno. Zikiota..." Akautazama mundu wangu. "Zikiota, basi mkono wake umekubaliwa. Watakaa hapa wote wanne, na mimi nitakuwa baba yao kutoka kule kwangu."

Jumbe aliwatazama wazee wenzake, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wamekunja nyuso. Mmoja akashika ndevu, akasema, "Ni neno zito." Mwingine akasema, "Hatujui. Tuone." Hata Mama Ipyana alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayetazama mgonjwa mahututi.

"Tungoje mvua," jumbe akasema, wakaondoka.

Mnaweza kuniuliza, na mjukuu wangu angeniuliza, kwani wewe hukujua? Nilikuwa nimeziona nyasi zile zikikatwa kila mwaka tangu nianze kuona. Kila mwaka ziliota. Mkono wangu ulijua kazi, lakini mimi sikuamini. Mwaka ule sikuamini kwamba kitu kilichokwenda kinaweza kurudi. Nilipotazama visiki vile niliona visiki, nikaanza kufunga nguo za Lugano kwenye kifurushi cha kwenda Ikombe. Nilizifunga vizuri. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mtu anayefunga mzigo wa jirani.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa, ile yetu ya Kyela isiyopiga hodi. Uwanja ukawa ziwa. Asubuhi hapakuwa na kitu. Kesho yake hapakuwa na kitu. Ambakisye alikuwa akilala kifudifudi kwenye matope, shavu chini, akichungulia. Kisha asubuhi moja aliingia ndani mbio, akanishika mkono akanivuta. Katikati ya visiki palikuwa na ncha za kijani, nyembamba kama sindano, kila kichaka, hata zile sehemu nilizopasua na kupanda upya. Subilaga alirukaruka. Mimi nilikwenda nikafungua kile kifurushi, nikazitundika nguo za Lugano mahali pake.

Jumbe alikuja akaona. Wazee wakaja wakaona, wakashangaa kwa sauti. Siku ya kunyoa Baba Mdogo alitunyoa, lakini mlangoni hakukata kitu. Tulikaa. Shangazi alilala nasi mpaka nilipokua, na ng'ombe mmoja wa maziwa alifungwa kwetu. Shule sikurudi. Ambakisye alisoma, na Subilaga na maswali yake akasoma zaidi. Lugano alikua bila kujua kwamba nguo zake ziliwahi kufungwa. Baba Mdogo hakuwa mtu wa kukaa na kuzungumza. Alipita asubuhi na ng'ombe wake, akawazungusha mbali na nyasi zetu, kwenye njia ya matope upande wa pili, akaenda zake bila kugeuza kichwa. Nilidhani ana kinyongo kwamba nilimshinda mbele ya watu. Niliishi na ushindi huo miaka mingi.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto, wakoloni wengine wameshakuja, nilipokuwa nikitoka sokoni mwishoni mwa kiangazi. Wachungaji walikuwa wamechoma nyika nzima siku chache nyuma, mvua kidogo imepita, na weusi wote ule ulikuwa umeanza kuwa kijani. Kijana mmoja anayechunga aliniona nimesimama, akanisalimu, akasema kwa furaha, "Nyasi zimetoka, Mama!" kama ambavyo hata mtoto wa mchungaji hujua kwamba zitatoka, na kama baba yake alivyojua, na babu yake.

Nikakaa chini kando ya njia na mzigo wangu.

Wale walikuwa watu wa ng'ombe. Jumbe, wazee, yule aliyeshika ndevu. Tangu wazaliwe walikuwa wakichoma nyasi, wakikata nyasi, wakingoja nyasi. Walisimama uwanjani kwetu, watu wazima wote wale, wakakunja nyuso zao kana kwamba duniani hakujawahi kutokea nyasi ikaota baada ya mvua. Baba Mdogo aliposema zimekufa, hapana hata mmoja aliyecheka. Desturi ilimtaka Baba Mdogo atutawanye, na asingeweza kuikataa mbele ya watu. Basi akaipa kitu cha kungojea, nao wakaelewa wote kwa pamoja, na mtu pekee pale aliyedhani ni shauri la kufa na kupona alikuwa mimi. Labda pia alikuwa na wake na watoto wa kutosha. Sijui. Mtu anaweza kuwa na sababu zaidi ya moja.

Sikufika nyumbani. Nilipitia kwa Baba Mdogo. Alikuwa amezeeka, ameketi nje akisuka kamba ya ndama, macho yamekwisha. Niliketi chini mbele yake, nikasema nimekuja kumshukuru kwa ajili ya zile nyasi.

"Nyasi gani?" aliuliza.

"Za Mama. Uliposema zimekufa."

Aliendelea kusuka. Alivuta fundo, akalijaribu kwa meno.

"Mambo ya nyasi siyajui," alisema. "Mimi ni mtu wa ng'ombe."